Jipu Tuliyoipima kwa Kukaa

Siku ile tulipopima jipu, gari yetu, kwenye kiwanja chetu cha Katindo mujini, walikuwako hawa: muzee wangu, yaani baba wa watoto wangu na mwenye jipu; dada yake mudogo, yaani shemeji yangu, aliyekaa kwetu na binti zake mapacha tangu bwana yake apotelee katika vita ya milimani, watoto wangu mwenyewe, kuanzia yule wa sauti ya kwaya mpaka yule wa mugongoni, na fundi wa kuchomelea chuma, jirani yetu, Muislamu ambaye babu yake alitoka Maniema na biashara ya chumvi. Na mama yangu mzazi. Huyo alikuwako, lakini alikuwa jikoni, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Majina yao wote ninayo kichwani, hata jina la mbuzi ninalo. Lakini watoto wameniambia, mama, usiandike majina, inchi hii haijatulia. Basi siandiki.

Kule kwetu Masisi, mukwe haangaliwi usoni. Mwanaume akioa, mama wa muke wake anakuwa heshima kubwa mpaka haonekani. Hawali pamoja, hawakai karibu, hawaitani. Neno likitaka kupita, linapita kwa mutu wa katikati. Mimi ndiye nilikuwa barabara yao.

"Mwambie mama yako mvua inakuja, na ameanika mihogo."

"Mwambie mukwe nimeiona."

Na walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, ukuta wa mabati tu katikati.

Heshima hiyo ilimuponza mama mara moja. Vita ilipoingia milimani kule Masisi, muzee alipanda kutoka mujini kuwachukua watu wangu na jipu yake, ile fupi ya zamani iliyokuwa ya muzungu mumoja wa shamba la kahawa. Wote walipojipanga ndani, nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, mbele, karibu na dereva. Mama akarudi nyuma. Akapitisha neno kwa mudogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa hajaolewa: "Mwambie mukwe atangulize hao. Mimi nitapanda safari ya pili." Muzee aliporudi kwa hiyo safari ya pili, wenye bunduki walikuwa wamefunga njia. Mama alishuka kwa miguu mpaka Sake. Porini aliteleza, goti la kuume likavunjika, likapona vibaya. Muguu ulibaki umenyooka kama muchi wa kutwangia.

 Tangu siku ile muzee aliiangalia jipu yake kama mutu anavyoangalia shati lililorudi fupi baada ya kufuliwa. Muji ulikuwa umejaa wakimbizi mpaka kwenye mawe ya Mugunga, na kila mutu alijua utulivu ule ni wa kuazima. "Vita itakuja tena," alisema. "Na hii jipu haitafanya tena safari mbili."

Ndiyo sababu akamwita fundi.

Fundi alikuja na meta yake, akaizunguka jipu, kisha akairudisha meta mufukoni. "Meta inapima chuma," alisema. "Haipimi matako. Leteni mabenchi."

Tukaazima mabenchi ya kwaya. Tukayapanga kiwanjani yakitazamana, vile yatakavyokaa ndani ya gari, tukakaa goti kwa goti, kila mutu na mutoto wake na furushi lake. Fundi akapita nyuma yetu akimwaga majivu chini, kuchora mustari.

"Mama mukubwa, sogea kidogo," alimwambia shemeji yangu.

"Nisogee wapi? Hivi ndivyo Mungu alivyonimaliza."

"Basi shasi ndiyo itasogea."

Tulicheka mpaka mustari ukaharibika, akauchora upya. Kisha akauliza, "Muko wote?"

"Tuko wote!" watoto wakaimba.

Na mama alikuwa jikoni katika moshi, kwa sababu mukwe wake alikuwa amesimama kiwanjani. Alikuwa mutu wa nyuma ya mulango, na sisi tulizoea awe huko. Hata muzee, aliyetaka kuirefusha jipu kwa ajili yake yeye, macho yake yalikuwa yamefundishwa miaka yote kutomtafuta.

Fundi akafuata majivu. Alikata shasi, ule uti wa mugongo wa gari, nyuma ya milango, akavuta nusu ya nyuma mpaka kwenye mustari, akaunga katikati kwa vipande vya shasi ya lori lililoungua, akabandika chuma kingine juu ya kila kidonda. Ile fimbo ya chini inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma nayo aliikata akaiongeza, na bomba la breki vilevile. Majirani walipita kuangalia.

"Eh muzee, jipu yako ina mimba?"

"Hiyo ni gari ao ni sanduku la maiti ya mutu murefu?"

"Cheka tu," muzee alijibu. "Siku ya mbio utaomba kukaa kwenye mukia."

Siku ya kujaribu tuliingia wote. Mimi mbele na mutoto wangu, wengine nyuma, magoti yakiingiana kama meno ya zipu. Muzee akawasha. Hapo mumoja wa wale mapacha akauliza, "Na koko atakaa wapi?"

Koko ni mama yangu. Ndivyo watoto wote walivyomwita.

Muzee akazima gari. Akavua kofia, akaishika magotini. Fundi akashuka, akaenda mpaka mulango wa jikoni, akauona ule muguu umenyooshwa kando ya mafiga. Akarudi polepole.

"Ule muguu hauingii kati ya mabenchi. Unaingia mbele tu."

Mbele, yaani karibu na dereva. Palepale mama alipopakataa.

"Kata tena," muzee akasema.

"Chuma si muhogo, muzee. Lazima nipate kwanza chuma kingine. Nipe muda."

Muda haukuwako. Asubuhi moja mizinga ilisikika upande wa Kibumba, na kabla chai haijachemka watu walikuwa wamejaa kwenye barabara ya Sake. Tukapakia. Mimi nikakaa nyuma, chini, juu ya gunia la maharagi. Kiti cha mbele kikabaki wazi. Mama alisimama kwenye mulango wa jikoni na fimbo yake.

"Mwambie mukwe aende. Mimi nitalinda kuku."

"Mwambie mama yako hii jipu niliikata kwa ajili ya muguu wake."

"Mwambie namushukuru. Aende."

Muzee akachomoa ufunguo, akashuka, akakaa juu ya jiwe, mugongo wake ukiangalia jikoni. "Mwambie mama yako hata mimi najua kulinda kuku."

Mizinga ikalia tena, karibu zaidi. Shemeji akaanza kusali kwa sauti. Mama aliutazama ule mugongo kwa muda murefu. Kisha akafungua kitenge chake cha mabegani, akanirushia.

"Funga hiki katikati yetu."

Nikakifunga, juu kwenye chuma cha paa, chini kwenye viti. Fimbo ya vitesi, ile ya kubadilishia gia, ilichungulia chini yake kama pua ya panya. Mama akaingia na muguu wake, muzee akaingia upande wake, na hakuna aliyemwona mwenzake. Fundi akapanda nyuma kabisa, juu ya bampa. "Nasikiliza kazi yangu," alisema.

Shida ni kwamba sasa muzee hakuona upande wa kuume. Kioo cha kuume kilikuwa kule kwa mukwe, nyuma ya kitenge.

"Mwambie mukwe kuna shimo."

"Muzee, kuna shimo!"

"Mwambie mama yako asante, tumeshaingia."

Kupita Mugunga watu walikuwa kama siafu. Mutu mumoja alitembea pembeni, upande wa kuume, na godoro kichwani lililomuangukia mpaka machoni. Akakata barabara bila kuona. Mimi nilikuwa chini, sikumwona. Muzee hakumwona. Mama ndiye aliyemwona, na njia ya kupitia kwangu ilikuwa ndefu mno.

"Mukwe! Simama!"

Breki zikashika. Jipu yote ikalia na urefu wake mupya, na fundi kule nyuma akapiga kelele, "Imeshika! Haikufunguka!" Godoro likapangusa boneti. Mwenye godoro akaendelea na safari yake, hata hakujua.

 Shemeji aliacha sala katikati. Tangu niolewe, lile lilikuwa neno la kwanza kati yao. Kisha, kutoka upande wa dereva:

"Asante, mama."

 "Angalia mbele," mama akasema.

Kutoka hapo mpaka Minova walisemeshana wenyewe, shimo, jiwe, ng'ombe, askari, na mimi juu ya maharagi sikuwa tena na kazi. Kitenge hakikufunguliwa. Tulifika wote, safari moja.

Huko Minova, katikati ya vita ile, muzee alitafuta mbuzi, kwa sababu ukisikia sauti ya mukwe lazima umuombe radhi. Mama alimupokea mbuzi huyo kupitia dirisha, akamupapasa mugongo, akanigeukia.

"Mwambie mukwe ni mbuzi muzuri."

Sasa wote wawili, mama na muzee, wamekwenda kwa Mungu. Mimi nakumbuka kitenge kile kilikuwa cha kijani chenye ndege weupe. Shemeji anabisha, anasema ni samaki. Mapacha wanasema mama aliita "Breki!" na si "Simama!" Ninyi muliokaa kwenye mabenchi yale, kama nimekosea, muje munirekebishe. Lakini muje wenyewe. Musinitumie mutu wa katikati.