Batobato na Kijicho

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kupendwa siku ya kwanza. Mimi nilihitaji karibu mwaka. Alikuwa mkali, na akikutazama unajikagua kama kanga imekaa sawa. Niliolewa Kariakoo katikati ya miaka ya hamsini, nikaingia katika nyumba yake ya vyumba sita, na kabla hina haijanitoka mikononi akanikabidhi jembe.

"Bibi harusi naye anakula muhogo," alisema.

Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko wa Jangwani, na masika ikizidi maji yalipanda mpaka nusu yake ya chini. Mihogo yake aliiuza mibichi sokoni, na Ramadhani ndiyo iliyokuwa neema yake, maana nyumba ipi ya Kariakoo ingefuturu bila muhogo wa nazi? Alikuwa mjane. Kwa shamba lile hakumwomba mtu kitu, hata mwanawe wa kumzaa, na jambo hilo mimi, niliyezoea kuomba mpaka sabuni, nililistahi kuliko mengine yote.

Juu ya shamba hilo, ng'ambo ya mfereji, alilima shoga yake. Walichezwa unyago pamoja, wakazaa pamoja, na asubuhi walishuka shambani pamoja wakisengenya watu njia nzima. Mwaka niliofika, shoga huyo alisimama kwenye mfereji akasema, "Shoga, mwaka huu muhogo wako umeota." Hakusema mashaallah, neno la kukinga kijicho. Mama mkwe aliliona pengo lile papo hapo, nami niliona kwamba ameliona.

Haukupita muda mrefu majani yakaanza kubadilika. Yalitoka madogo, yamejikunja, yana mabaka ya njano kama nguo iliyomwagikiwa dawa. Ugonjwa huo watu waliuita batobato. Ukichimba shina unakuta vijiti, si mihogo. Mama mkwe hakutaka kusikia habari ya ugonjwa. Asubuhi moja bombani, mbele ya wanawake wote waliopanga ndoo, alisema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anausifu muhogo wa mwenzake hata Mungu hamtaji." Shoga yake alikuwa amesimama pale pale. Alijitwika ndoo yake kabla haijajaa, akaondoka. Tangu siku ile walishuka shambani kila mtu na njia yake, na mimi katikati nikitoa shikamoo kwa wote wawili.

Aliyetufungua macho alikuwa bwana shamba, kijana wa Kilimanjaro mwenye soksi ndefu na adabu nyingi. Alipita bondeni, akamwamkia mama mkwe, akaomba ruhusa ya kuingia. Aliinama akageuza jani moja, akatuita. Chini ya jani walijipanga wadudu weupe, wadogo kuliko punje ya ulezi. Akautikisa mmea, wakaruka kama vumbi la unga, wengine wakavuka mfereji.

"Hawa ni nzi weupe, mama. Wanafyonza utomvu wa mmea mgonjwa, wanakwenda kuutia ugonjwa kwenye mzima. Kama mbu na homa."

Kisha akauliza mbegu tunakata wapi. Mama mkwe akamweleza bila kuficha, kwa sababu wote tulifanya hivyo. Shina lenye mihogo minene ndilo linalong'olewa kwanza kwenda sokoni, na miti yake inakuwa kuni. Lililodumaa linaachwa, labda litanenepa. Masika ikikaribia, lililosimama ni hilo tu, basi pingili za kupanda tunakata hapo.

Kijana hakucheka. Alisema taratibu kwamba mbegu ya mgonjwa inazaliwa na ugonjwa wake, hata asipokuja nzi.

Mama mkwe aligeuza jani jingine mwenyewe. "Basi tunakula mizima, tunapanda migonjwa," alisema. "Na mwenye kuipanda ni mimi."

Dawa aliyoitaja kijana ilikuwa chungu. Kung'oa yote yenye mabaka na kuichoma, kubakiza mashina safi tu, na mbegu ya masika ikatwe hapo. Tena mashamba yote mawili, la sivyo nzi watavuka tu. Ramadhani ilikuwa mlangoni. Mashina safi yalikuwa manne, ardhi imepasuka kwa unene wa mihogo chini yake. Mtu mwingine angesema tule kwanza, mengine baadaye. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Mama mkwe akanijibu, "Wewe tumbo lako lina haraka," akaanza kung'oa. Tulichoma siku nzima.

Siku ya kuvunja jungu, watu wanapokula vizuri na kutakana radhi kabla ya mfungo, alivaa kanga mpya akaenda kwa shoga yake. Nilimfuata. Ua ulikuwa umejaa wanawake wakila. Hakumwita pembeni.

"Nilikusingizia kijicho mbele za watu," alisema, "na mbele za watu nakuomba radhi. Ulikuwa ugonjwa, na nilikuwa naupanda kwa mkono wangu."

Sijaona ujasiri kama ule, na nimeishi miaka mingi.

"Nimekusamehe," shoga yake alisema, bila kuinua macho. "Lakini kama umekuja nikang'oe mihogo yangu, kama anavyotaka bwana shamba, hiyo siwezi. Nitakula nini Ramadhani nzima?"

"Twende ukaone kwanza."

Tukashuka watatu. Shamba la mama mkwe lilikuwa jeusi kwa majivu, na katikati yamesimama yale mashina manne. Mama mkwe aliyakata panga, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akavuka mfereji akaulaza mzigo miguuni kwa mwenzake. Mihogo iliyobaki chini ya mashina hayo akasema tutaichimba, nusu kwa nusu, ya kufuturu.

"Mbegu hii haitoshi mashamba mawili," alisema. "Na kwangu maji yanapanda. Panda yote kwako. Ikikomaa utanikatia."

Shoga yake aliutazama mzigo ule. Ilikuwa mbegu yote ya mama mkwe, hakubakiza hata pingili moja.

"Mkononi mwangu?" aliuliza. "Na ikifa?"

"Ikifa imekufa. Sitamtafuta mtu wa kumlaumu."

Machozi yalimtoka shoga yake, hakuyafuta. Halafu akajifunga kanga kiunoni, akaingia shambani mwake, akashika shina la kwanza lenye mabaka, akaling'oa.