Anastazia kamkagua mgeni kucha

Basi akaushika ule mkono wa mgeni, akaugeuza, akakagua kucha!

Binti yangu Anastazia, jamani. Leo hii, mbele ya bosi wake!

Juzijuzi tu kaacha kufundisha watoto wadogo kule Makere. Sasa kazi yake kuwaandikia wafadhili habari za wakimbizi. Leo yeye na bosi wake wamemleta mfadhili mwenyewe hapa nyumbani.

Mgeni kanyoosha mkono asalimie. Yeye, mazoea yale ya darasani: "Kucha ndefu. Kesho uje umekata."

Yoo, Imana, Mungu wangu!

Mimi nikakimbilia jikoni.

Shuleni walishaweka mwalimu mwingine. Akifukuzwa huku, aende wapi? Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Huyo ananiita: "Mama, njoo, mgeni anataka kukupa mkono!"

Nakuja, mwanangu.

Na mimi nimetoka kuchimba mihogo.