Mtungi wa Koko na Neno "Safi"

Mtungi wa bibi yangu ulipasuka mchana kweupe, na aliyeupasua ni mimi.

Naitwa Hervé, mpiga picha wa Kasongo. Watu fulani wa mbali wanaotengeneza filamu kwa kompyuta walinipa kazi ya kupima jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye kitu. Unakiweka gizani, unakizungushia taa, unapiga picha kila pembe. Kompyuta ikishajua, itakichora hata siku chenyewe hakipo.

Nikamkumbuka Koko Emilienne, bibi yangu wa Kabambare.

Ndiye wa mwisho kwao kufinyanga ile mitungi myeusi inayong'aa. Sasa mikono inamtetemeka. Ulibaki mtungi mmoja tu.

Nikampigia simu. "Koko, nakuja kuupima. Nataka uwe safi."

Siku nzima kwenye pikipiki, tope hadi magotini. Nafika, mtungi umepakwa mawese mpaka unateleza.

"Koko, si nilisema safi?"

"Si ndiyo hii? Mutu safi haendi mbele ya mugeni na ngozi kavu."

Maagizo yalisema kitu kiwe kitupu, bila mafuta wala rangi. Nikaziba madirisha kwa blanketi, nikapiga picha tatu za kujaribu taa. Kisha nikauosha kwa sabuni, lakini mafuta yalikuwa yameshazama kwenye udongo.

"Nitayachoma kwa moto," nikasema.

"Mutungi hii ni ya maji, haijapanda jikoni hata siku moja. Na iko imelowana." Akaongeza, "Lakini weye ndiye ulisoma."

Nikajifanya mjuaji. Nikauweka juu ya makaa.

Ulitoa sauti ndogo tu, kama muhogo mkavu ukivunjwa. Koko hakulia. Aliokota kipande, akajaribu kukishika kisitikisike, akashindwa.

Niliporudi Kasongo na kupata mtandao nikatuma zile picha tatu, nikiomba radhi kwa mafuta. Wakajibu: "Mng'ao huu ndio tunaoutaka. Tutumie pembe zilizobaki."

Pembe zilizobaki zimo kwenye gunia, vipande kumi na saba.

Nikampigia Koko. Nikamsomea jibu lao, nikamuuliza kama mng'ao ule ni wa mawese.

"Sasa ulizania inang'aaka na nini? Mitungi yangu yote inakunywaka mawese."

Ndugu unayesoma, kabla hujasafisha kitu cha mtu, muulize kwanza kwake safi ni nini. Mimi niliuliza baadaye, na hakuna wa kufinyanga mwingine.