Karani wa Wosia

Karani wa wosia, kila akifika kwenye neno "namrithisha", husimama, akafuta miwani kwa ncha ya mtandio, akauliza, "Mwenyewe anajua?" Leo mama mmoja mzee alikuja kumwandikia mkwewe cherehani. "Atajua nikishazikwa," akajibu. Vidole vya karani vikaganda juu ya taipureta. "Mama, neno hili ni la vitu vinavyosubiri mtu afe, na wewe bado unadunda. Hebu mpigie." Mama akapiga simu, akamwambia mkwewe kuhusu cherehani. Vigelegele vya mkwe vikapasuka simuni hadi wateja wa nje wakachungulia. Mama akacheka mpaka akatokwa machozi. "Futa, mwanangu. Aje aichukue leo, nimwone akishona." Karani akachomoa karatasi, akaichana, akijichekea kama aliyepewa cherehani ni yeye.