Macho ya Mama Fundi

Tabasamu, kama walivyozoea kumwita, alikuwa mpiga picha wa kuwatembeza wageni, na nchi ile ya kijani aliijua kona kwa kona: jiwe la kusimamisha maharusi, ukingo wa mashamba ya chai unaoonyesha bonde zima, daraja la mbao ambapo mabinti hupenda kugeuza shingo kana kwamba hawajui wanapigwa. Kona moja tu ilimshinda, nayo ni moyo wa Mama Fundi, mshonaji aliyemzaa mchumba wake.

Alipokwenda kuposa, mama yule hakuuliza habari za ukoo wala shamba. Alifungua kabati, akatoa picha zake zote, tangu ya harusi hadi ya kitambulisho. Katika kila moja alikuwa amefumba macho. Ile ya harusi ungedhani bwana harusi kaoa mtu aliyelala.

"Atakayenipiga picha macho yakiwa wazi ndiye mkwe wangu," alisema. "Wengine wote wababaishaji."

Tabasamu alicheka moyoni. Aliona ni mteremko. Maskini, alisahau kwamba mteremko una utelezi wake.

Jumamosi wakaondoka watatu, yeye, mchumba, na Mama Fundi ndani ya gauni la njano alilojishonea kwa safari hiyo. Kwenye jiwe la maharusi Tabasamu alihesabu moja, mbili, tatu. Kamera ikalia, macho yakafumba. Kwenye ukingo wa chai, yale yale. Darajani alimsihi akodoe, naye akakodoa kwelikweli, kope zikatetemeka kwa juhudi, lakini ilipofika tatu zikashuka kama pazia. Binti alijaribu kumshikilia mama yake kope kwa vidole. Alifukuzwa hadi kwenye miwa.

Mahali pa mwisho palikuwa maporomoko. Hapo pakishindikana, Tabasamu angerudi nyumbani na kamera yake, bila mke, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko alivyotaka kukiri. Alimsimamisha mama mbele ya maji, akarudi nyuma, akarudi tena, ili maporomoko yote yaenee pichani.

"Moja," alisema. "Mbili."

Tatu haikusemwa. Mguu ulikanyaga ukoga wa mawe unaoteleza, na bwana mkubwa akaenda chali kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe, kamera juu, kidole kikijibonyezea chenyewe.

Alitolewa humo akiwa tope hadi kwenye nyusi, na kwa aibu hakutaka hata kuitazama hiyo picha. Binti ndiye aliyeitazama. Akampa mama yake kamera. Maporomoko hayakuingia hata tone. Nusu ya picha ilikuwa mawingu. Nusu nyingine ilikuwa Mama Fundi, mdomo wazi na macho yote mawili kodo.

Mama Fundi aliisogeza kamera karibu, akayatazama macho yale. Kisha akasimulia polepole kwamba utotoni marehemu mama yake alikuwa akimnywesha dawa chungu kwa kumhesabia, na kijiko kiliingia kwenye tatu, naye akifumba macho. Bila shaka macho yalikuwa yakikisubiri kijiko miaka yote hiyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiria.

"Kumbe nina macho ya mama," alisema, na machozi yakamtoka. Akayafuta kwa ncha ya gauni, akamgeukia Tabasamu.

"Nawe mkwe wangu, nenda kaoge. Mtu anaposaje huku ananuka ng'ombe?"