Ndugu wa Marehemu Wasogee

Jumamosi asubuhi nilikuwa nanunua mkate dukani hapa Lemara, mwenye duka akaniambia huku anatafuta chenji: yule mzee wa Kimarekani wa nyumba ya mwisho amefariki, amekutwa kitandani. Sijamaliza hata kusema "jamani", mchungaji wa marehemu akaingia, akanishika mkono na kuniuliza swali ambalo mpaka leo linaninyima raha: ndugu zake ni akina nani, tumpigie nani simu? Ndugu zake nawajua, msomaji wangu. Nawajua pengine kuliko wa kwangu. Tatizo ni kwamba wote walikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Mzee huyu alikuja Arusha kutandaza mabomba ya maji katika vijiji vya Meru. Mradi ukaisha, wenzake wakafunga mizigo, yeye akabaki. Mke alishatangulia, mtoto hawakujaliwa. Jioni zake alizimaliza kwa kuwatafuta mababu zake, Wajerumani waliovuka bahari kwenda Amerika wakati nchi ile bado ni koloni la Mwingereza. Kazi ya kichaa, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Karani wa Kiingereza bandarini aliandika majina jinsi alivyoyasikia, ukoo mmoja ukatoka na majina matatu. Na Wajerumani wenyewe, Mungu awasamehe, watoto wa kiume waliwabatiza Johann karibu wote, kisha kila mmoja wakamwita kwa jina lake la pili. Mzee aliwahi kumfuatilia Johann mmoja mwaka mzima, kumbe ni wawili, mtu na mdogo wake. Biashara huria iliporuhusiwa na maduka ya mjini yakajaa bidhaa, sisi tulikimbilia redio na viatu. Yeye alichofurahia ni duka moja lililoleta mashine ya faksi. Alituma maswali kwa makanisa ya kule, kesho yake akarudi kuuliza kama amejibiwa. Mara nyingi hakuwa amejibiwa.

Siku moja nilimpeleka mlimani kwa shangazi yangu, mama wa Kimeru ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya kuazima kama kilivyokuwa kwa mgeni wake. Shangazi akauliza, kama inavyopasa, watu wa nyumbani hawajambo? Sasa mzee huyu hakuwahi kupatana na "li" na "me". Akajibu kwamba babu amesafiri na meli, mtoto mdogo amefariki njiani, wamemzika baharini. Shangazi akainuka, akajifunga kanga vizuri, akamshika mikono yote miwili na kumpa pole, akataka kujua msiba umewekwa wapi. Ikabidi niingilie kati nieleze kwamba mambo hayo ni ya kale, Mjerumani alikuwa hajafika hapa kwetu hata kwa ndoto. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alimtazama mzee akasema, "Na miaka yote hiyo hakuna aliyekupa pole?" Mzee akainamisha kichwa, akalia mbele yetu bila kujificha. Wakati tunarudi, tulipokaribia mjini, akaniuliza: akifa yeye, nani atasimama aseme ni ndugu yake? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tupo. Si ndivyo tunavyosema wote?

Wa rika langu tunakumbuka neno ndugu lilivyokuwa la kila mtu. Karani ndugu, waziri ndugu, hata askari aliyekuja kukukamata alianza na ndugu. Sisemi tulipendana, foleni ya sukari ilitufundisha kuchukiana vizuri tu. Lakini neno lilikuwepo, na mtu asiye na kwao aliweza kujibanza chini yake. Siku hizi tuna bosi, tuna mheshimiwa, tuna mteja. Ndugu amerudishwa kwenye damu na kufungiwa huko. Mzee wetu alijifunza Kiswahili katika kitabu cha enzi zile, akawaita watu ndugu mpaka sokoni. Vijana walimcheka, naye akaendelea tu.

Tumemzika Jumatano. Watu walijaa, sina la kulaumu. Kwaya iliimba, na wanakijiji wanaokunywa maji yake walishuka kwa lori. Baada ya udongo ikaja zamu ya mashada. Mwongoza ratiba akatangaza, "Ndugu wa marehemu wasogee." Hakusogea mtu. Akarudia, akidhani kipaza sauti kimekorofisha. Umati wote ule, kila mmoja anatazama viatu vyake. Niliona upweke wa kutisha, nami nilikuwa ndani ya umati.

Nikasogea. Mwongoza ratiba, kijana mwenye adabu zake, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Shikamoo mzee. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Jirani," nikasema.

"Basi subiri kidogo, mzee wangu. Majirani wanafuata."

Nikarudi nilipokuwa. Shada la familia likawekwa na mchimba kaburi, kisha wakaitwa majirani, tukaenda wengi mpaka tukakanyagana. Nilichojifunza ni kidogo, lakini kimenichoma. Kusema "tupo" hakutoshi. Undugu ni jibu la neno moja, na mtu sharti awe nalo mdomoni kabla hajaulizwa, kwa sababu swali lenyewe huulizwa mara moja. Mimi niliulizwa, nikasema jirani.