Mpishi Aliyeacha Kuonja

Mpishi mkuu wa hospitali ile alikuwa na miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu ya hiyo aliimaliza mbele ya majiko ya gesi, akiwapikia watu wasiojiweza. Naandika habari zake si kwa kuwa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema, na wema wake haukumzuia.

Ilianza pale muuguzi alipompima shinikizo la damu na kumwambia apunguze chumvi na mafuta. Ushauri wa kawaida. Yeye akaupeleka mbali. Alimsikia mtu redioni akisifu chakula kisichopita motoni, akaamua kujaribu kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza alibadili kifungua kinywa tu: papai, tango, karoti mbili. Mwezi wa pili ukafuata mlo wa mchana. Alijifunza kuloweka choroko mpaka zichipue, akazitafuna na nyanya na maji ya ndimu. Kufikia mwezi wa nne alibakiwa na mlo mmoja wa moto, wa jioni, na huo nao akaupangia siku yake ya kuondoka.

Mumewe, fundi viatu, hakugomba. "Mke wangu, kama moto hautakiwi tena humu, hilo jiko tumpangishe nani?" Alicheka peke yake, kisha akajichemshia chai.

Kazini wakamwita Sungura. Mwanzoni wao ndio waliomtania. Baadaye yeye ndiye aliyewatania, na utani wake ulikuwa na miiba. "Endeleeni kula maiti za mboga," aliwaambia. "Mkiletwa wodini nitawapikia." Ni kweli alikuwa amepungua na magoti hayakumuuma tena, lakini kila kilo aliyoipoteza ilimrudia kama majivuno. Kula mbichi si kosa. Kosa ni mtu kudhani sahani yake imemfanya bora kuliko jirani yake.

Jiko lile lilikuwa na utaratibu. Hakuna sufuria iliyotoka kabla mpishi mkuu hajaonja. Akisharidhika, aligonga ukingo wake kwa mwiko, mara moja, na wenzake wakajua wanaweza kupakua. Siku alipouacha mlo wa mwisho wa moto, alijiuliza kama kuonja nako ni kula. Akajijibu kwamba ni kula. Angeweza kumwomba msimamizi amteue mwingine wa kuonja. Hakuomba, maana cheo ni kitamu kuliko mchuzi. Alitazama rangi, akanusa mvuke, akagonga.

Wiki tatu mambo yakaenda.

Msaidizi wake alikuwa mama kijana wa watoto wawili, kibarua wa miezi mitano. Wa sita ukiisha salama, angeajiriwa. Yeye ndiye aliyetia chumvi maharage yalipoiva, na mkuu aliongeza ikiwa imepungua. Jumanne moja mkuu alifika kwenye sufuria msaidizi akiwa ameenda stoo. Akadhani chumvi haijatiwa. Zamani ulimi ungemwambia. Akatia kipimo kizima, akakoroga, akagonga.

Sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Mzee mmoja alijilazimisha kumaliza yake asije akawaudhi wauguzi, akatapika mpaka akawekewa dripu.

Msimamizi akaingia jikoni na bakuli mkononi. "Hiki ni chakula au maji ya bahari?"

"Mimi niligonga," mkuu alisema. "Nilipogonga kilikuwa sawa."

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Macho yote yakamgeukia msaidizi.

"Nilitia mara moja tu, bosi. Kipimo kile kile cha kila siku."

"Na mara ya pili katia shetani? Vua aproni. Nenda nyumbani, tutakuita."

Mlangoni, msaidizi alimsogelea mkuu. "Dada, samahani. Ulionja kweli?"

"Nilionja."

"Basi labda nimechanganyikiwa," akasema, akaanza kufungua kamba za aproni.

Hapo ndipo aibu ilipomshika mkuu. Angetukanwa, angepata nguvu ya kujitetea. Lakini aliaminiwa, na aliyemwamini akaanza kuushuku mkono wake mwenyewe.

Jioni alikaa mbele ya karoti zake bila kutafuna. Mumewe alipouliza, akamweleza yote. Safari hii mume hakucheka. "Kijiko cha mchuzi kimekushinda kumeza," alisema, "lakini uongo umeteremka vizuri."

Asubuhi alibisha ofisini kwa msimamizi, akafunga mlango nyuma yake na kukiri. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akaufungua ule mlango. "Mwenzako ulimsingizia mbele ya watu. Kayaseme huko huko."

Akayasema, amesimama kati ya masufuria, akiitazama sakafu. Alitamani hata mmoja amwite Sungura. Hakuna aliyemwita. Kuanzia siku hiyo aliondolewa kwenye masufuria, akapewa kazi ya kumenya viazi, na msaidizi akaitwa arudi.

Mkuu alimngoja getini. "Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, dada," yule mama alijibu, lakini hakusogea. "Jana wanangu waliniuliza mbona nimerudi mapema. Nikawaambia mama yao aliharibu chakula cha wagonjwa. Mkubwa alilia. Leo niwaambie nini?"

"Waambie ni mimi," mkuu alisema.

"Basi tukitoka twende wote. Utawaambia wewe."

Alikwenda. Chumba chao kilikuwa kimoja, na watoto walimpisha kwenye kiti pekee. Hakukikalia. Alieleza akiwa wima, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuyafuata. Mkubwa alisikiliza, akafikiri, akauliza:

"Bibi, kwa hiyo ulijua si mama?"

"Nilijua."

"Tangu jana?"

"Tangu jana, mjukuu wangu," alisema.